Pilau Niliyowamwagia Kuku

Kyalo mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya pasipoti, ya soksi, ya dawa na ya kutolala na mlango wazi, na kwa hayo mimi siwezi kumshinda. Nimeyaacha. Nimekaa hapa kwa meza ya sebuleni na daftari lako la zamani la hesabu (nashukuru Mungu hesabu hukuipenda sana, kurasa zimebaki tele), na kalamu inatema wino kama mlevi. Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la saba, au tuseme shule iliniacha mimi. Lakini mdomo wangu umefika mbali kuliko walimu wangu wote, na hilo hata wao wanakubali. Sasa mdomo ndio umenishinda. Tangu Jumapili ile nimekuita nje mara tatu tuongee, na kila mara nikifungua mdomo inatoka hadithi ya mbuzi.

Jumapili ile unaijua. Watu walikuwa wamejaa hapa ndani, wamekuja kunywa chai ya kukuaga. Kaka yangu Mulwa, ambaye hajawahi kunyamaza mahali kuna chapati, akakuuliza, "Kijana, huko Dubai unaenda kufanya kazi gani?"

Ukasema, "Kupika, Baba Mkubwa. Nimepata kazi jikoni, kwa hoteli."

"Kupika kupika?"

"Kupika kabisa."

Watu wakanigeukia mimi. Walikuwa wananingoja, kwa sababu hapa Wamunyu mimi ndiye niliyefika Uarabuni, mimi ndiye bingwa wa mambo ya huko, na picha yangu iko ukutani nimevaa koti la ulinzi, redio ya kuongea iko begani. Ningesema neno moja tu zuri. Badala yake nikasema, "Basi mama yake amfunge leso kiunoni kabisa, na tumtafutie mtoto wa kubeba mgongoni, aende akiwa amekamilika."

Walicheka. Mulwa alicheka mpaka akamwaga chai, na mimi nilicheka kuliko wote. Wewe hukucheka wala hukukasirika. Ulisimama, ukakusanya vikombe, ukaenda kuviosha. Tangu siku hiyo unaniambia "ndio, Baba" na "hapana, Baba", basi. Kesho unaondoka, na naogopa utavuka bahari ukiwa na hayo maneno mawili tu kati yangu na wewe.

Kyalo, sikuwa mlinzi.

Hapo, nimeiandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Ile miaka mitano niliyokaa Doha sikuwa mlinzi, wala mkubwa wa walinzi, wala sikuwa na watu thelathini chini yangu. Yule tajiri niliyesema alinizawadia saa hakuwako. Saa niliinunua sokoni na haikumaliza mwezi. Lile koti la kwa picha ni la Mganda mmoja aliyekuwa analinda geti letu, nililiazima dakika tano, na ukiangalia vizuri utaona mikono yake inanifika katikati. Mimi nilikuwa jikoni. Jikoni ya kambi ya wafanyakazi wa mjengo. Nilianza kwa kumenya vitunguu, gunia baada ya gunia, mpaka nikasahau kwamba macho yanaweza kukauka. Halafu nikaosha masufuria ambayo mtu anaingia ndani kabisa kuyasugua. Halafu mpishi mkuu, mzee mmoja Mhindi wa Kerala mwenye kitambi na hasira, akanipiga vidole na mwiko siku moja, akaniambia, "Wewe uko na pua. Kuja huku." Akaniweka kwa moto.

Na kwa kuwa nasema ukweli, wacha niseme wote: nilikuwa hatari. Mimi Nzioka nilikuwa napikia watu mia nne. Wali wangu ulikuwa unasimama punje kwa punje kama askari wa gwaride. Ijumaa ikiwa zamu yangu ya pilau, watu wa kambi ya jirani walikuwa wanaruka ua waje kupanga foleni. Mzee hakusifu mtu, lakini alikuwa anachota na kidole, analamba, anaenda zake bila kutukana, na hiyo ilikuwa shahada yangu. Nilikuwa na furaha, Kyalo. Hilo ndilo lililonitisha. Mwanaume mzima wa Ukambani, na mahali nimewahi kuwa na furaha zaidi ni mbele ya sufuria.

Unajua kwetu mambo yalivyo. Mwanaume akichoma mbuzi nje, anasifiwa kama amejenga daraja. Nyama ile ile ikiingia kwa sufuria, ikiwekwa kitunguu, inakuwa kazi ya mwanamke, na mwanaume akikutwa hapo atapewa jina la kumzika nalo. Siku ya kwanza nilipopiga simu nyumbani, aliyeishika ni Mulwa, yuko sokoni, na nyuma yake nilisikia sauti za wanaume wote ninaowajua. "Nzioka! Wamekupa kazi gani?" Mbele yangu kulikuwa na karai la vitunguu. Nikasema, "Ulinzi." Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Nilipolitoa nikasikia Mulwa akiwatangazia wenzake, nao wakipiga makofi. Ungefanya nini? Najua wewe ungefanya nini. Jumapili ulisema, "Kupika kabisa."

Sasa, vile vyombo.

Umekua ukiviona ndani ya kabati la vioo, vimevikwa vitambaa vya kufuma kama maharusi: sufuria ya presha, blenda, ile mashine kubwa ya kupika wali kwa stima, tosta, na oveni ndogo. Nilisema nilivinunua duka moja na watu wa ikulu. Si kweli. Kambi yetu ilipofungwa, Mzee alitugawia vyombo vidogo vya jikoni, kila mtu na zawadi yake, na mimi alinipa vingi kwa sababu alinipenda. Kila kimoja kimeandikwa chini kwa rangi nyekundu, jina la kambi na neno "jikoni", kwa Kiingereza na Kiarabu. Nilijaribu kukwangua na kisu, ikakataa. Ndiyo maana hakuna mtu aliyeruhusiwa kuviinua.

Unakumbuka mchungaji alipokuja, akaomba tumsagie maembe kwa blenda? Nikampa somo la umeme nusu saa, eti volti za Machakos ni hafifu, zitaua injini. Mulwa naye siku moja akanyoosha mkono kwa mashine ya wali, nikampigia kelele, "Usiguse, iko na gesi ndani!" Mpaka wa leo Mulwa akikaa hapa anahama kiti, anaenda upande ule mwingine. Nimecheka hilo peke yangu miaka mingi. Leo halinichekeshi.

Kwa sababu mama yako, wakati huo wote, alikuwa kwa mawe matatu. Muthokoi wa nyumba hii, mahindi makavu ya kukoboa, ulikuwa unatwangwa na mikono yake, unawekwa motoni mchana, unaiva jua likishazama. Saa tatu, saa nne za moshi, na sufuria ya presha iko hatua kumi kutoka kwake, imevaa kitambaa alichokifuma yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa unaitwa kutoka kwa vitabu uende ukachochee. Macho yake yalivyo mekundu, watu wanadhani amezaliwa hivyo. Siku moja aliniuliza, si kwa ugomvi, "Baba Kyalo, hii ya presha si ndiyo ya kuivisha maharagwe haraka?" Nikamwambia, "Hiyo ni ya nyama ya ngamia." Nikatoka kuwahadithia watu, wakacheka.

Hayo bado ni madogo. Nakuja kwa lile lililonifanya nichukue daftari.

Ulikuwa na miaka tisa. Mama yako, Mwaitu kama unavyomwita, alianguka akitoka kuteka maji kwa mchanga wa mto, mtungi ukamwangukia, mkono wa kulia ukavunjika. Wakamfunga plasta. Mwanamke wa mkono mmoja hawezi kutwanga, hawezi kusonga. Majirani walileta chakula wiki moja, wakachoka kama binadamu. Nyumbani tulibaki watatu: yeye na plasta yake, wewe na miaka yako tisa, na mimi, mpishi wa watu mia nne.

Wewe ndiye uliyepika.

Ulipanda juu ya kopo la rangi ili ufikie sufuria vizuri. Mama yako alikuwa anakaa kando anakuelekeza, "Ongeza unga, punguza moto, geuza," na mimi nilikuwa hapa sebuleni nasikia kila kitu. Nasikia kitunguu kikiungua, najua kabisa sekunde ambayo kilihitaji nyanya, na miguu haisimami. Ukaniletea ndengu, ulikuwa na majivu kwa nyusi. Na mimi nikasema, "Chumvi imepotea njia?" Ndivyo nilivyokuambia. Ukarudi kuchukua chumvi, mbio.

Wiki ya tatu ile sufuria ya ndengu ikateleza kwa jiwe, ikakumwagikia mkono wa kushoto. Hilo kovu unalo. Mulwa aliwachukua kwa pikapu ya rafiki yake, wewe na mama yako, akawapeleka hospitali. Mimi nilisema nabaki kuangalia mifugo. Tulikuwa na mbuzi wawili.

Nyumba ilipobaki kimya, nilishindwa kujizuia. Nilienda buchari nikanunua nyama, maana kununua nyama hakuna aibu. Nikafunga mlango, nikavuta pazia. Nikaishusha mashine ya wali, nikaichomeka. Stima ilikuwa imefika mwaka uliotangulia, na volti zilikuwa nzuri tu. Chini ya sanduku langu kulikuwa na kopo la viungo nililorudi nalo, bizari, iliki, mdalasini, karafuu. Vilikuwa vimezeeka lakini bado vinasema. Nikapika pilau. Nilikuwa nalia na kupika, na nisidanganye, nilikuwa pia nafurahia, mikono ilikuwa inakumbuka yenyewe. Niliwaza: watarudi na njaa, nitawawekea mezani, nitasema yote, liwe liwalo. Nilipanga hata sahani tatu. Nakuapia, Kyalo, sahani zilikuwa mezani.

Halafu nikasikia kikohozi cha Mulwa kwa geti.

Sikuwa nimefikiria kwamba ataingia. Nilichukua ile sufuria ya ndani na moto wake, nikatokea mlango wa nyuma, nikamwaga pilau yote kwa banda la kuku. Yote. Nikarudi, nikasukuma mashine kwa kabati ikiwa bado inachoma, nikaifunika kitambaa, nikafungua dirisha, nikaketi na gazeti. Ile alama ya duara kwa mbao za kabati, niliyosema mama yako aliweka pasi hapo, si pasi.

Mliingia. Mkono wako umefungwa bendeji mpaka kwa kiwiko. Ukasimama hapo mlangoni, ukainua pua, ukasema, "Baba, nasikia harufu ya pilau."

Nikasema, "Ni dawa ya hospitali imekuingia puani."

Mulwa alikuwa ananiangalia. Kwa ajili ya Mulwa, nikamgeukia mama yako nikauliza kwa sauti ya mwenye nyumba, "Na leo tutakula nini?"

Wewe ndiye uliyejibu. "Nitapika, Baba."

Mkaenda jikoni, ninyi wawili. Yeye alikuwa na mkono wa kushoto, wewe ulikuwa na wa kulia. Mmoja anashika sufuria, mwingine anasonga, mkawa mtu mmoja mzima. Mimi huku nilikuwa na miwili. Kwa banda nilisikia kuku wakipigania nyama.

Nimesafiri, Kyalo, nimeona bahari na jangwa na watu wa kila rangi, na hakuna mahali nimewahi kuwa mdogo kama kwa kile kiti. Na sikusimama. Ule ugali niliula.

Watu wanasema ulianza kupenda jiko kwa sababu ya mama yako kuumia. Mimi najua pia ulikuwa na pua yangu. Nilikuwa naiona. Ulikuwa unainama juu ya sufuria, unafunga macho, unajua inataka nini, vile vile alivyonifundisha Mzee, na hakuna aliyekufundisha wewe. Ningekufundisha. Ningekuonyesha kukata kitunguu bila kukiangalia, kujua wali umeiva kwa kusikiliza kifuniko, kuzima moto mkubwa bila kukimbia. Tungekuwa na miaka kumi na tatu ya hayo. Badala yake nilikupa mizaha ya leso.

Nikuambie machache ya huko, kabla kurasa hazijaisha. Jikoni kubwa ina kelele na matusi. Usiyabebe kitandani. Anayekutukana na huku anakuonyesha, huyo anakutaka uwe mtu. Anayekuchekea na hakuonyeshi kitu, mwogope kidogo. Kula na wale wanaoosha masufuria, usikae peke yako na kofia yako nyeupe. Na ukipiga simu nyumbani, wakakuuliza umeshindaje, waambie vile umeshinda. Kama siku nzima umemenya viazi, sema viazi. Mimi nilisema neno moja dogo ili wanaume wa sokoni wapige makofi, na makofi yalikwisha kabla sijakata simu, lakini lile neno nimelilisha kila siku tangu hapo, na nimelilisha sahani zenu.

Jioni hii nilimwambia mama yako. Alikuwa anaambua mbaazi hapo nje. Nilimzunguka mara mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mbithe," nikasema, "Doha nilikuwa mpishi."

Hakuinua macho. "Mpishi wa nini?"

"Wa chakula."

"Wa watu wangapi?"

"Mia nne."

Akaweka ungo chini. "Mia nne," akasema. "Na sisi tulikuwa watatu."

Nikamwambia ya pilau. Ya sahani tatu, ya kikohozi, ya kuku. Nilidhani atapiga kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alichukua mbaazi moja, akaizungusha kwa vidole. Alisema, "Nilikuwa na njaa siku ile, Baba Kyalo. Sijawahi kukuambia. Nilikuwa na njaa ya kutetemeka."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. "Mimi usiniombe saa hii, sijui nitakujibu nini. Mwambie mtoto. Na kesho wageni wanakuja saa tatu kumwombea kijana. Mimi sipiki."

"Asi! Mbithe, hao ni watu ishirini!"

"Wewe ni wa mia nne," akasema, akaingia ndani.

Kwa hivyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Vyombo vyote nimevitoa kwa kabati, nimevipindua, rangi nyekundu iko juu, anayejua kusoma asome. Vitunguu nimekwisha kumenya karai zima, ndiyo maana karatasi hii inanuka. Mlango wa jikoni utakuwa wazi, na mtu yeyote aliyekaa sebuleni ataniona. Wewe usije kunisaidia. Kaa na wanaume, kaa kwa kiti changu.

Mulwa atauliza. Unamjua, atauliza kabla hajaketi. Na mimi naogopa, mwanangu. Nina miaka hamsini na tatu na naogopa kicheko cha kaka yangu kuliko nilivyowahi kuogopa mauti. Najijua pia. Najua mdomo wangu utatafuta mlango wa kutokea, nitasema najaribu tu, nitasema mama yako anaumwa na mgongo, nitaweka mzaha juu yake watu wacheke na tupite.

Ukiniona nimeanza hivyo, simama. Toa barua hii mfukoni uisome kwa sauti, kutoka mstari wa kwanza, mbele ya wote. Usiruke hata neno. Nitakaa nisikilize mpaka mwisho, halafu nitakubebea sanduku mpaka barabarani, ukitaka. Na usipotaka, nitaelewa.

Lakini nikiweza kusema mwenyewe, basi iache ikae mfukoni, na ule.

Ni mimi baba yako,
Nzioka, mpishi.